Mapipa Matatu ya Jumamosi

Mama Pindo alimwona mumewe akiingiza mkono kwenye mfuko mweusi, akanyamaza.

Alikuwa amekaa kibarazani na cherehani yake, na mumewe alikuwa kwenye karakana yao ya bati, hatua kumi hivi kutoka pale. Ukutani nyuma ya mumewe ilining'inia mifuko miwili ya turubai ambayo Mama Pindo mwenyewe aliishona mwaka walipooana. Mwekundu ulikuwa wa diski za kukatia stenlesi, chuma kile kisichoshika kutu, na mweusi wa diski za chuma cha kawaida. Hiyo ndiyo ilikuwa amri ya kwanza ya karakana ile. Diski iliyokwisha kugusa chuma cha kawaida ikigusa stenlesi huacha vumbi ndani ya mikwaruzo, na vumbi hilo likipata maji linaota kutu. Watoto wao walilijua hilo kabla hawajajua kusoma.

Na leo mumewe, Mzee Cheche, alikuwa akikata pipa la stenlesi. Mama Pindo aliinua mguu kwenye pedali, mdomo ukafunguka, kisha akakumbuka mkataba wao.

Mkataba ule ulitokana na ugomvi wa mwaka wa kwanza. Bwana alisema pindo la suruali fulani limepinda. Bibi akajibu kwamba kabla ya kutazama mapindo ya watu, akalitazame geti alilomfungia jirani, maana limeegemea kama mlevi. Wakanuniana siku mbili nzima. Siku ya tatu wakakubaliana: wewe na kitambaa chako, mimi na chuma changu. Miaka thelathini sasa hakuna aliyemwingilia mwenzake kazini, na majirani waliionea wivu nyumba yao kwa utulivu.

"Labda ni diski mpya imewekwa humo kwa muda," alijiambia. "Fundi ni yeye." Akarudisha mguu kwenye pedali, na cheche zikaruka kule karakanani kama zilivyoruka siku zote.

*

Mapipa yalikuwa matatu, mali ya Mpishi, kijana mwenye mgahawa nyuma ya soko. Ujana wake ulikuwa machoni pa Mama Pindo tu, kwa sababu kichwani mvi zilikwisha kuingia. Alikuja siku moja akiyasukuma kwenye mkokoteni, mapipa ya bia yaliyostaafishwa na kiwanda, kila moja na karatasi yake ya mauzo. Mzee Cheche hakuwahi kukata pipa lisilo na karatasi, hata mwenye pipa awe nduguye wa damu.

"Shikamoo, mzee. Nataka uniundie yale yale."

"Marahaba. Yale yapi?"

"Ya Jumamosi. Nilikuwa nakuja na marehemu baba. Nakalishwa pale kwenye tofali, naambiwa nisiguse."

"Na ukagusa."

"Nikagusa." Mpishi akakunja mkono wa shati, akaonyesha kovu dogo juu ya kiwiko. "Mama hapo ndiye aliyenipaka dawa."

Mama Pindo alilitazama kovu lile, akainuka akaingia ndani akijifanya anatafuta mkasi. Machozi yalikuwa yamemjia bila taarifa. Alizikumbuka zile Jumamosi. Mapipa matatu yakiwa yamepandishwa kama ngazi: la juu la maji ya moto, la kati la kulowekea kimea cha bia, la chini la kuchemshia, na jiko la gesi likinguruma chini yake. Uwanja mzima ulinuka kama mkate unaoiva. Wanaume walikalia makreti yaliyopinduliwa, kila mmoja anajua zaidi ya mwenzake jinsi bia inavyopikwa, na mumewe katikati yao, mwembamba, mikono ya shati imekunjwa, kipimajoto amekipachika sikioni kama penseli. Yeye mwenyewe alikuwa akinywa nusu glasi tu, na nusu glasi ile ilimtosha kucheka mpaka jioni.

Zile siku ziliondoka bila kuaga. Wanywaji walihama, wengine wakafa, na mapipa yakachukuliwa na shemeji yake alipohamia mbali. Kilichobaki ni duara moja la stenlesi, lile alilolikata mumewe juu ya pipa la kwanza kabisa, ambalo Mama Pindo alilifanya sinia la vifungo. Miaka thelathini ya vifungo, na halikuwa na doa.

Kwa hiyo Mzee Cheche alipoanza kazi ya Mpishi, nyumba nzima ilirudi ujanani. Kwanza alibonyeza vali ya kila pipa mpaka ikaacha kufoka, maana pipa lenye pumzi ndani halikatwi. Akazungusha kamba na chaki juu yake, akakata mduara, akalainisha ukingo. Chini akatoboa tundu la koki na kuchomelea shingo yake. Alikuwa akipiga mluzi. Karakana ile, ambayo kwa muda mrefu haikupata zaidi ya bawaba za mageti na miguu ya viti, ilikuwa na kazi ya maana tena, na Mama Pindo naye akashona mfuko wa kuchujia kimea kwa kipimo alichokumbuka kichwani.

Hata sindano za kushonea za mkewe zilikuwa zikija mapema. Macho ya Mama Pindo yalikuwa bado makali kwa mbali, angeweza kumtambua mtu aliye mwisho wa barabara kwa mwendo wake, lakini kwa karibu yalikwisha kumkataa. Hivyo kila asubuhi Mzee Cheche alichukua sindano tano na uzi, akaenda nazo "kwenye mwanga", akarudi zikiwa zimetungwa, akazichomeka kwenye kimto chake. Ilikuwa kazi pekee ya nguo aliyoruhusiwa kuigusa.

*

Wiki nne baada ya mapipa kuondoka, moja lilirudi. Mpishi alilisukuma kwenye mkokoteni mchana kweupe, barabara nzima ikitazama.

"Mzee, sikuja kugombana."

Mama Pindo akaacha kushona. Wanaoanza hivyo huwa hawakuja kusalimia.

"Sema, mwanangu," Mzee Cheche alisema, akijipangusa mikono.

"Bia ina ladha ya misumari."

"Ya nini?"

"Ya misumari, mzee. Ya chuma. Nilialika wazee wanane, wale wa zamani. Wamekuja wamevaa vizuri. Mmoja katoka ng'ambo ya reli na mkongojo wake. Wakaonja, wakatazamana. Yule wa mkongojo akaniuliza kama nilisahau kuosha vyombo. Wengine wakatema."

"Ulisugua kwa waya."

"Nilisugua kwa kitambaa laini, kama ulivyoniambia."

"Basi maji yako yana chumvi."

"Maji ni ya bomba hili hili unalokunywa wewe."

Mtu mmoja aliyekuwa amesimama barabarani akacheka. Wengine wakasogea. Mzee Cheche aliinua sauti, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akasema pipa lile ni bandia, Mpishi kauziwa takataka, na karatasi zile hata yeye angeweza kuziandika. Mpishi hakubishana. Alilipindua pipa juani.

"Tazama mwenyewe. Yale mawili hayana doa, ni hili tu."

Ukingo wote ulikuwa na vidoa vya kahawia, na vingine vilizunguka koki. Mama Pindo aliviona kutoka kibarazani, bila kuinuka. Mumewe aliinama, akainama zaidi, mpaka pua ikakaribia kugusa chuma, na bado alikuwa anatafuta. Hapo Mama Pindo aliacha kulitazama pipa, akaanza kumtazama mumewe.

"Hela sidai," Mpishi alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioumiza kuliko yote. "Ila nina aibu na wale wazee. Nitampelekea yule fundi wa barabara kuu anikatie upya."

"Niachie," Mzee Cheche alisema. "Niachie siku tano."

Mpishi akaliacha. Watu walitawanyika polepole, kwa mwendo wa watu wasiotaka kukosa kipande cha mwisho.

*

Mzee Cheche alichukua sumaku akaiweka kwenye ubavu wa pipa. Ikaanguka. Akaiweka tena mahali pengine, ikaanguka tena. Chuma cha bandia kingeishika.

"Ni stenlesi halisi," alisema, kama mtu aliyesomewa hukumu. Akavua glavu, akazitundika kwenye msumari. "Basi ni mikono yangu. Mikono imekwisha, Mama Watoto."

Hakula mchana ule. Kesho yake alianza kupanga vifaa kwenye kreti, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama mpwa wao anayejifunza ufundi bado anahitaji mashine ya kuchomelea. Mama Pindo aliacha cherehani, akajifunga kanga. Akatoka akaenda kwa kinyozi, duka la tatu kutoka kwao, rafiki wa mumewe tangu enzi za makreti.

"Shemeji," alimwambia, "mwenzako ana nini?"

Kinyozi alisimamisha mkasi juu ya kichwa cha mteja. "Mimi sijasema kitu."

"Hujasema nini?"

"Hicho ambacho sijasema."

"Shemeji!"

Kinyozi akapumua. "Zile sindano zako. Ninazitunga mimi. Tangu kabla ya mvua anakuja nazo kila asubuhi, sindano tano na uzi. Anasema ukijua kwamba na yeye haoni, utaiacha cherehani uanze kumlea. Nimemwambia aende kwa daktari wa macho, ananiambia nikate nywele."

Mama Pindo alirudi nyumbani akipita ukutani ukutani. Alimkasirikia mumewe, na kabla hajafika mlangoni hasira ile ilikwisha kumgeukia mwenyewe. Kumbe siku ile hakukuwa na diski mpya wala sababu ya kifundi. Kulikuwa na mzee anayepapasa mifuko miwili asiyoweza kuitofautisha, na mke aliyeona kila kitu akaendelea kushona. Na sasa mzee huyo anaitupia lawama mikono yake. Akinyamaza tena, mumewe atauacha ufundi kwa kosa lisilo la mikono. Au ataghairi, arudi kwenye grinda, ile mashine ya kukatia, bila macho, na siku moja kitakachokatwa kisiwe chuma.

*

Alimkuta ameketi juu ya kreti, vifaa vimemzunguka.

"Si mikono," alimwambia. "Ni mfuko."

"Mfuko gani?"

"Ulipokata pipa hili, diski uliitoa kwenye mfuko mweusi."

Mzee Cheche aliweka chini nyundo aliyoishika. Mkono wake ulitembea juu ya goti kana kwamba unatafuta kitu.

"Ulikuwa umekaa wapi?"

"Pale ninapokaa."

"Ukaona."

"Nikaona."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Si tulikuwa na mkataba?"

"Mkataba!" Alisimama, kreti likaanguka. "Wazee wanane wametema bia ya mapipa yangu, mtoto wa rafiki yangu kaniaibisha mbele ya barabara nzima, wewe unaniambia mkataba? Ule ulikuwa wa mageti, mwanamke!"

"Ndiyo, nimekosa," Mama Pindo alisema. Hakuishusha sauti. "Nimekosa na nimekiri. Na wewe, Baba Watoto? Wewe umenyamazia nini?"

Mzee Cheche aliinama, akapapasa chini. Alilisimamisha kreti, akalikalia tena.

"Ile mifuko," alisema hatimaye, "yote miwili ni ya kijivu. Wewe mwenyewe nakuona kama umesimama nyuma ya pazia la bafu."

"Sasa ulichomeleaje?"

"Ule moto hata nusu kipofu anauona. Na mkono unaijua njia."

Mama Pindo alipiga magoti kando ya pipa. Alipitisha kidole gumba juu ya shingo ya koki, kuizunguka yote, taratibu, kama anavyokagua gauni la bibi harusi. Ule mshono wa chuma ulikuwa laini, mawimbi yake madogo yamelingana kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Mshono huu hauna kasoro," alisema. "Na usinibishie, mimi kazi yangu ni mishono."

Katika miaka thelathini hakuwahi kumsifia chuma chake, kwa kuwa sifa nayo ni kuingilia. Mzee Cheche aligeuza uso upande wa ukuta, na mabega yakaanza kutikisika. Mama Pindo alimshika begani, akamwacha alie mpaka amalize.

*

Kutu ya namna ile hutoka, ila kwa jasho. Mzee Cheche aliufundisha mkono wa mkewe: tumia kitambaa kipya ambacho hakijagusa chuma chochote, fuata mistari ya mng'aro kwenye chuma, usizungushe. Mama Pindo akasugua ukingo mpaka kiwiko kikamuuma. Kisha wakapaka maji ya ule unga mweupe mkali kama ndimu wanaotumia wapishi wa jemu, wakaacha yakae, wakasuuza. Wakaliacha pipa na unyevu wake mpaka kesho, maana kutu iliyobaki hujitokeza yenyewe.

Asubuhi ukaja ukaguzi. Mzee Cheche hakuweza kuona doa lolote, na Mama Pindo hakuweza kuona kwa karibu. Ikabidi pipa liegemezwe ukutani, Mama Pindo arudi nyuma hatua sita, na mumewe alizungushe kidogo kidogo kwa amri yake.

"Zungusha. Tena. Simama."

"Kuna doa?"

Alitamani kusema hakuna. Mumewe alikuwa amesimama pale kama mwanafunzi anayesubiri matokeo, na yeye kiwiko kilikuwa bado kinamuuma.

"Moja," alisema. "Chini ya koki, kushoto."

Mzee Cheche akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu pipa lirudi. "Asante," alisema. "Lete kitambaa."

Wakarudia. Akiwa ameinama anasugua, alimsikia mumewe akikohoa kile kikohozi cha mtu mwenye neno.

"Kwa kuwa mkataba umevunjika," alianza, "ile suti ya mwenye duka la dawa. Bega moja limepanda."

"Umejuaje nawe huoni?"

"Niliona miaka sita iliyopita. Nimelibeba moyoni."

Mama Pindo akamrushia kitambaa kilicholowa. Kilimpata usoni, na wakacheka mpaka paka aliyekuwa amelala karakanani akatoka nje.

*

Siku ya tano Mpishi alikuja na mkokoteni wake. Waliokuwepo siku ile ya kwanza walikuwepo tena, na wengine waliosimuliwa waliongezeka. Mpishi alilikagua pipa ndani na nje, akapitisha kitambaa cheupe kwenye ukingo, akakitazama. Kilikuwa cheupe.

"Limekubali," alisema. "Haya, mzee, kosa lilikuwa nini? Maji?"

Njia ilikuwa wazi. Mama Pindo alimwona mumewe akiiona njia ile, na hata kama angeichukua asingemlaumu.

"Maji hayana kosa," Mzee Cheche alisema. Alisema kwa sauti ya kufika barabarani. "Pipa halina kosa, na wewe huna kosa. Nilitumia diski ya chuma cha kawaida kwa sababu sioni. Macho yangu yana ukungu, nami nimeficha. Wale wazee waambie bia yao imeharibiwa na Cheche. Nitakwenda kuwaomba radhi mwenyewe, nikianza na yule wa mkongojo."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi, aliyesimama mlangoni kwake na taulo begani, aliinamisha kichwa. Mpishi alilikumbatia lile pipa kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, akalilaza kwenye mkokoteni.

"Kuna pipa la nne," alisema. "La kupoozea. Nani atanikatia?"

"Yule wa barabara kuu ana mashine nzuri."

"Sikuuliza mashine, mzee."

Mzee Cheche alipapasa ukingo wa mkokoteni, akaushika. "Jumatatu naenda kwa daktari wa macho. Akinitengeneza, nitalikata. Asiponitengeneza, nitachomelea tu, kukata atakata mwingine. Na vyovyote itakavyokuwa, diski atanipa huyu." Akanyoosha mkono kuelekea alipodhani mkewe amesimama, naye akasogea hatua mbili ili mkono ule umpate.

Mkokoteni ulipokwisha kukata kona, walikaa wote wawili kibarazani. Mzee Cheche aliingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa sindano tano na kigurudumu cha uzi, akaviweka juu ya lile sinia la vifungo.

"Leo sikuzipeleka kwenye mwanga," alisema.

"Kwa kinyozi," Mama Pindo alisema.

Mzee Cheche akageuka kumtazama kule kwenye ukungu wake. "Tangu lini unajua?"

"Tangu siku uliyopanga vifaa kwenye kreti. Na ukiniuliza mbona nimenyamaza, nitakutupia kitambaa kingine."

Akachukua sindano, akaishika mbali kabisa, mkono umenyooka, akajaribu. Uzi ukapita pembeni. Mumewe akaomba ajaribu yeye kwa kupapasa, akajichoma, akatoa maneno ambayo wajukuu hawapaswi kuyasikia. Mama Pindo akaichukua tena. Yeye akaishika sindano mbali kwenye jua, mumewe akaushika uzi, na akawa anamwelekeza: juu kidogo, kulia, hapana, kulia kwangu. Zilikwenda dakika nyingi namna hiyo. Kinyozi alikuwa anawatazama kutoka mlangoni kwake muda wote, mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Jamani! Nije?"

"Bado!" walimjibu kwa pamoja, na Mama Pindo akalamba tena ncha ya uzi.